Joto la dunia: kinachoweza kusimama na kisichorudi

Kaskazi ikikaza, Januari hadi Machi, mazungumzo ya barazani hugeukia hali ya hewa, na hayachukui muda kufika pale pale: mbona vifaa vipo? Sola zipo, magari ya umeme yapo, miti inapandwa, Ulaya kuna mitambo inayofyonza hewa chafu kutoka angani. Basi kwa nini joto halirudi lilikokuwa?

Swali hili limechanganya kazi mbili. Kulisimamisha joto ni moja, kulirudisha ni nyingine, na ukubwa wake haulingani hata kidogo. Ya kwanza inawezekana kwa vifaa vilivyomo madukani leo, ikiwa watu na serikali watakubali gharama. Ya pili, kwa vifaa hivyo hivyo, haitatimia katika umri wa mtoto anayezaliwa leo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ila kwa sehemu ndogo. Na sehemu hiyo ndogo ndiyo hasa isiyozungumzwa visiwani kwetu.

Hesabu kwanza

Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa (kaboni dioksidi), gesi kuu inayopasha dunia. Sasa zimepita 420. Makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji vinaongeza kiasi cha tani bilioni 37 kila mwaka. Karibu nusu ya hewa ukaa yote inayotolewa humezwa na bahari na mimea. Inayobaki angani haina haraka ya kuondoka, na sehemu yake hukaa maelfu ya miaka. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto la dunia kupita nyuzi 1.5 juu ya ule wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Hali yetu ni ya ngarawa inayoingiza maji. Ukipunguza tundu, maji yanaendelea kupanda, ila polepole. Ukiliziba kabisa, yanabaki pale yalipofika, magotini. Kuyashusha kunataka mtu ashike kopo aanze kuyafua, kuyachota na kuyamwaga nje. Takriban kila kinachoitwa suluhisho leo ni cha kuziba tundu. Vya kufulia ni vichache na vidogo mno.

Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, limekadiria kwamba kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa hupandisha joto kwa nyuzi 0.45 hivi. Igeuze hesabu hiyo: kushusha joto kwa nyuzi 0.1 tu kunataka kuondoa kiasi cha tani bilioni 220. Kazi yote ya kuondoa hewa ukaa inayofanywa na binadamu sasa ni tani bilioni 2 hivi kwa mwaka, na karibu yote ni kupanda na kutunza misitu. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi, tena hesabu yenyewe inaanza siku ile moshi wote utakapokuwa umekoma, si kabla.

Mitambo ya kufyonza hewa? Kampuni ya Climeworks ilifungua mtambo wake mkubwa, Mammoth, huko Iceland mwaka 2024. Ukifanya kazi kwa uwezo wake wote utaondoa tani 36,000 kwa mwaka. Dunia hutoa kiasi hicho kwa nusu dakika. Nguvu inayotakiwa, umeme na joto pamoja, ni kama kilowati-saa 2,000 kwa kila tani. Chukua bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, uzungushe mitambo yote 9 bila kupumzika mwaka mzima (jambo ambalo mto wenyewe hauliruhusu) na umeme wote uupeleke kwenye kufyonza hewa. Utakuwa umesafisha uchafu wa dunia wa saa mbili na kidogo. Teknolojia inafanya kazi; kinachoishinda ni ukubwa wa kazi.

Kuna pia wanaopendekeza kunyunyizia salfa juu angani ili kupunguza mwanga wa jua. Kwamba inapoza si jambo la kubishaniwa: mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, dunia ilipoa kwa karibu nusu nyuzi, kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Lakini hewa ukaa inabaki pale pale, bahari inaendelea kuwa chachu, na siku unyunyiziaji ukikatika, joto lote lililofichwa linakuja kwa pamoja. Hicho ni kivuli cha kukodi, na mimi sikihesabu kuwa suluhisho.

Sasa ile sehemu ndogo. Si kila gesijoto, yaani gesi inayopasha dunia, hukaa milele. Methani hudumu angani miaka 12 hivi. Gesi nyingi za friji na AC hudumu miongo michache au chini ya hapo. Ukipunguza zinazotoka, anga inajisafisha yenyewe, na joto lililoletwa nazo linashuka kweli, ndani ya kizazi kimoja. Hapa ndipo neno kurudisha lina maana kwa mtu aliye hai. Ndiyo maana, ningeulizwa kazi ya kuanza nayo Unguja, nisingetaja miti.

Gesi ya AC

Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, maofisi ya mjini, majumba mapya ya Fumba: kote huko kuna mashine za AC zimepangana ukutani. AC ya kawaida ya BTU 12,000 hubeba karibu kilo moja ya gesi. Kama ni R-410A, kilo hiyo ikienda hewani inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Maana yake fundi akifungua nati na kuiacha gesi ya AC moja itoke, kwa dakika chache tu amefanya sawa na kuchoma lita 900 za petroli. R-22 ya mashine za zamani ni 1,810, na juu ya hayo inakula tabaka la ozoni.

Kosa linaanzia kwenye kauli ya mteja: gesi imeisha. AC haili gesi. Mfumo wake umefungwa, na gesi iliyowekwa kiwandani inatakiwa idumu mpaka mashine inakwenda kuwa chuma chakavu. Ikipungua, imevuja, na kujaza kila mwaka kabla ya kaskazi ni kulipia uvujaji ule ule. Mahali pa kutazama pako panne: nati za mirija pale inapoingia kwenye mashine, vali ndogo ya kujazia iliyopotelewa na kifuniko, mikunjo ya shaba pembeni mwa mashine ya nje, na kiungo chochote kilichochomewa. Povu la sabuni ya maji linatosha kuonesha tundu kubwa. Pwani kuna la ziada, chumvi. Mapezi ya alumini yanaungana na mirija ya shaba, upepo wa bahari unaleta chumvi na unyevu, na metali mbili zisizofanana zikilowa chumvi, moja huliwa. Mashine ya nje iliyoelekezwa baharini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, kwa mpira wa kawaida. Pampu ya presha hulaza mapezi na kuziba njia ya hewa. Mashine safi inatumia pia umeme kidogo, na hilo mwenye hoteli hulielewa haraka kuliko habari za anga.

AC inapohamishwa, hakuna haja ya kumwaga hata kidogo. Iwashe kwenye baridi, ishushe mpaka mwisho, iache izunguke dakika 10. Unganisha geji upande wa mrija mnene. Ondoa vifuniko vya vali mbili za mashine ya nje, halafu kwa spana ya alenki funga ile ya mrija mwembamba. Kompresa inaendelea kuvuta gesi kutoka ndani lakini haina tena njia ya kuirudisha, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashine ya nje. Tazama geji: sindano itashuka. Ikikaribia sifuri, funga vali ya mrija mnene na uzime umeme papo hapo. Ukichelewa, kompresa inafanya kazi kavu na huvuta hewa penye kiungo kilicholegea, na hewa iliyochanganyika na mafuta chini ya mgandamizo inaweza kupasua kompresa. Mafundi wamewahi kuumia kwa namna hiyo. Kama kompresa imekufa, njia hii haipo. Inatakiwa mashine ya kukusanyia gesi na mtungi wake, na mtungi usijazwe kupita asilimia 80, kwa sababu joto la jua litautanua ujazo uliomo.

Kwenye kufunga upya, makosa ni yale yale kila mahali. La kwanza ni kusukuma hewa iliyomo mirijani kwa kuachia gesi kidogo, badala ya kuvuta kwa pampu ya vakyumu dakika 20 au 30. Gesi inapotea na unyevu unabaki; unyevu na mafuta ya kompresa hutengeneza asidi, na asidi inakula waya za mota. La pili ni kupima uvujaji kwa kutumia oksijeni ya mtungi wa kuchomea, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Oksijeni na mafuta hulipuka. Inayotumika ni naitrojeni kavu, tena kupitia regyuleta. La tatu ni kukaza nati kwa nguvu za mkono mpaka shaba inapasuka. Haionekani siku ile, inaonekana mwaka wa pili.

Anayenunua mpya aangalie kibandiko. R-32 ina 675 kwa mizani ile ile ya hewa ukaa, na mashine yake hubeba gesi kidogo zaidi. R-290, ambayo ni propani, iko chini ya 5, lakini inawaka moto, kwa hiyo inataka fundi aliyesomea na chumba kisicho kidogo kupita kiasi. Hii ni sekta ambayo dunia imeshathibitisha kuwa inaweza kukubaliana: Itifaki ya Montreal ya 1987 iliziondoa sokoni gesi zinazokula ozoni na tabaka hilo linapona, Marekebisho ya Kigali ya 2016 yamezifuata hizi zinazopasha joto. Karatasi ipo. Kinachobaki kiko mikononi mwa fundi mwenye alenki na geji.

Bonde la mpunga na jaa

Udongo uliofunikwa na maji hukosa oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha majani humo hutoa methani inayopanda kupitia shina la mpunga kama kupitia bomba. Dawa yake inajulikana: kulowesha na kukausha kwa zamu. Hupunguza methani kwa karibu theluthi moja hadi nusu, na mavuno hayashuki ukiifanya vizuri.

Kata bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 30. Toboa matundu kwa msumari wa moto nusu ya chini. Lizike kiasi cha sentimita 15 ziwe chini ya udongo, kisha litoe tope lililoingia ndani. Baada ya kupandikiza, acha maji yakae wiki mbili ili magugu yasipate nafasi. Baada ya hapo jaza sentimita 5, acha yashuke yenyewe, na usijaze tena mpaka maji ndani ya bomba yafike sentimita 15 chini ya uso wa udongo. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baadaye, usikaushe kabisa. Ua la mpunga likikosa maji linatoa pepe.

Wapi inafaa? Kwenye skimu za umwagiliaji kama Cheju, ambako maji yanafunguliwa na kufungwa kwa lango. Mabonde mengi ya Unguja na Pemba yanategemea mvua, na huko hakuna wa kumwambia mvua isubiri. Mbolea ya urea iwekwe udongo ukiwa mkavu, muda mfupi kabla ya kujaza maji, ishuke nayo chini. Ikimwagwa juu ya maji au ikaachwa kwenye udongo unaolowa na kukauka, sehemu yake hupotea hewani, na mojawapo ya gesi zake ina nguvu mara 273 ya hewa ukaa. Na kwenye bonde lililoingiwa na maji ya bahari, usijaribu kabisa: ukikausha, chumvi hupanda juu pamoja na unyevu na kuunguza mizizi.

Jaa la Kibele ni hadithi ile ile ya kukosa oksijeni. Maganda ya ndizi, maembe yaliyooza, mabaki ya buffet za hoteli, yakifukiwa chini ya plastiki hutoa methani kwa miaka. Yakitenganishwa yanapotoka jikoni na kugeuzwa mboji kwenye rundo la mita moja na nusu linalopinduliwa kila wiki, hutoa hewa ukaa ya kawaida na mbolea. Ugumu hapa ni kutenganisha tu. Taka zikishachanganyika na chupa na nepi, hakuna mtambo wa bei rahisi wa kuzirudisha.

Umeme na jiko

Kwenye sola nina maoni ambayo wauzaji hawayapendi: faida yake kwa anga inategemea inachukua nafasi ya nini. Unguja inavuta umeme kutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba, wa kwanza wa mwaka 1980 na wa pili, megawati 100, wa 2013. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo iliishi kwa majenereta ya Wesha. Umeme wa bara sasa sehemu kubwa ni wa maji, na uliobaki karibu wote ni wa gesi. Sola ikichukua nafasi ya umeme wa bwawa wakati wa masika, anga haioni tofauti kubwa. Ikichukua nafasi ya jenereta la hoteli, hesabu ni nyingine: lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 za hewa ukaa na kuzaa kama kilowati-saa 3, karibu kilo 0.9 kwa kila moja. Kwa hiyo paneli za kwanza ziende kwenye majenereta, pampu za visima na visiwa vidogo. Sababu ya pili ni ya usalama, na waliokaa Unguja miezi mitatu bila umeme kuanzia Desemba 2009 hawahitaji kuelezwa.

Tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa uzalishaji ingeweza hata kulala, lakini mvua haitaiosha. Kilowati moja ya paneli hutoa kiasi cha kilowati-saa 4 kwa siku. Zinazoharibika mapema pwani si paneli zenyewe, ni vitu vidogo: bolti za chuma cha kawaida kwenye reli za alumini (tumia zisizoshika kutu), plagi za waya za makampuni mawili tofauti zilizolazimishwa kuingiana zikapata moto, na mijusi na sisimizi wanaoingia kwenye inveta kufuata joto. Betri za asidi zisitumiwe kupita nusu ya ujazo wake, na ziwekwe penye ubaridi. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wake karibu nusu. Lithiamu inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80.

Jikoni, mkakati wa taifa wa nishati safi ulioanza 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Tanuri la udongo hugeuza magogo ya kilo 100 kuwa mkaa wa kilo 12 hadi 15, kwa hiyo gunia la kilo 50 limekula zaidi ya kilo 300 za miti. Sufuria ya presha ya umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu ya uniti moja. Watu wanaliogopa jiko la umeme kwa sababu wanalipima kwa jiko la koili la zamani, ambalo joto lake nusu linapasha ukuta.

Mikoko

Sasa miti. Udongo wa mikoko hufukia kaboni nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu, kiasi cha tani 7 za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka. Piga hesabu ya hekta 10,000, msitu mkubwa kwa visiwa vyetu: tani 70,000 kwa mwaka. Dunia hutoa tani 70,000 kwa dakika moja. Mwaka mzima wa matope ya mikoko, dakika moja ya dunia. Au ukitaka mizani ya hapa hapa, gesi ya AC tatu na nusu zilizofunguliwa ovyo inafuta kazi ya hekta moja ya mikoko kwa mwaka.

Sisemi isipandwe. Nasema sababu ya kuilinda ni nyingine: inavunja mawimbi, inalea kamba na samaki, inazuia ufukwe usiliwe. Na iliyosimama ina thamani kuliko ya kupandwa, kwa sababu kaboni ya karne nyingi imelala kwenye tope. Ukikata na kufanya shamba la chumvi, inatoka. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kenya, umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, tangu 2013, na fedha zimekwenda kwenye maji na skuli za kijiji. Ni mradi mzuri. Ni mradi wa kijiji, na haudai kuwa zaidi ya hapo.

Upandaji unaoshindwa hushindwa kwa sababu moja kuu: mahali. Watu wanakuja na fulana na bango, wanatafuta tope tupu lililo wazi, wanachomeka mbegu za mkoko zilizo rahisi kuokota, wanapiga picha. Tope lile liko tupu kwa sababu. Mikoko huishi baina ya usawa wa katikati wa bahari na mwisho wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu mno kila siku, unakosa hewa mizizini, unaota magamba ya bahari na kulala. Njia ya kujua ni ya bure. Chukua mambo (vigingi) za miti. Siku ya maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, maji yakijaa, chomeka mambo pale yanapofika. Siku ya bamvua, chomeka nyingine pale yanapofika. Tembea pembezoni mwa msitu ulio hai jirani na utazame ni mti gani unakaa wapi ukilinganisha na mistari hiyo: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, kisha msinzi na mkandaa, na mchu kule juu penye chumvi kali. Panda kila mmoja kwenye kimo cha ndugu zake.

Mbegu ya mkoko huchumwa inapotoa shingo ya njano chini ya tunda. Ya kijani kibichi haijaiva. Tazama kama ina tundu la mdudu. Izike theluthi moja tu, wima, umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Kaa hukata changa, kwa hiyo acha mbegu kivulini siku chache ngozi ikakamae. Ng'ombe na mbuzi wanapenda mchu. Na kabla ya yote hayo, uliza kama maji yanaingia: mara nyingi kinachotakiwa ni kufungua mkondo ulioziba kwa barabara au ukingo wa chumvi, na mbegu zitajileta zenyewe kwa bamvua. Hesabu ichukuliwe mwezi wa 3, wa 12 na wa 36. Idadi iliyotangazwa siku ya kupanda haina kazi.

Mwani nao hutajwa siku hizi kama kifyonza kaboni. Unaolimwa Paje na Pemba unakaushwa, unasafirishwa, unageuzwa kuwa kigandishi cha vyakula, unaliwa, na kaboni yake inarudi hewani. Ni kipato cha kina mama na kinastahili kutetewa kwa jina hilo, hasa sasa ambapo maji ya moto ya kina kifupi yameufukuza mwani aina ya cottonii na kuwalazimu wakulima wautafute kwenye kina.

Kama kuna kufua maji kunakoweza kufanyika shambani, ni makaa ya kufukia. Chimba shimo la umbo la faneli, upana mita moja na nusu, kina karibu mita moja. Washa moto chini kwa vijiti vikavu, kisha ongeza vifuu, makumbi au matawi ya mikarafuu safu kwa safu, kila safu ya chini inapoanza kuvaa majivu meupe. Moto wa juu unakula moshi wa chini. Ukiona moshi mzito, malighafi ni mbichi. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Tani moja ya makaa hayo hushikilia kiasi cha tani 2.5 za hewa ukaa kwa karne. Yachanganye na samadi wiki mbili kabla ya kuyatia shambani, la sivyo yatanyonya mbolea ya mimea mwaka wa kwanza. Na yanafaa udongo mwekundu wa Pemba kuliko maweni ya Makunduchi: makaa yana ualkali, maweni tayari yana wake, na muhogo utageuka manjano kwa kukosa chuma.

Bahari haingoji

Hata joto likisimama kesho, bahari itaendelea kupanda kwa karne kadhaa, kwa kuwa maji ya chini yanapata joto polepole na barafu huyeyuka kwa kuchelewa. Kasi ya wastani kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, sentimita 7 kwa miaka 20. Kwa bonde la Pemba lililo nyuma ya ukingo wa mikoko, sentimita 7 ndizo zinazotenganisha mpunga na nyasi za chumvi.

Ukuta wa kuzuia chumvi unapimwa kwa bamvua la Machi na la Septemba, ambayo ndiyo makubwa ya mwaka, ukiongeza wimbi na hizo sentimita za mbele. Ukuta usio na mlango ni hasara nyingine, kwani maji ya masika yatakaa ndani na kuozesha. Mlango wa kawaida ni kibati kinachoning'inia upande wa bahari: maji yakijaa yanaubana, yakipwa maji ya mvua yanausukuma na kutoka. Hukwama kwa kigogo au chupa ya plastiki, na usiku mmoja wa bamvua unatosha kuiharibu misimu miwili, kwa hiyo awepo mtu wa shehia mwenye kazi ya kuutazama kabla ya kila mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kaa hutoboa tuta la udongo. Jiwe na tope la mfinyanzi upande wa bahari hupunguza.

Kujua kama bonde limepona, usiangalie majani, pima. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ikifika 3 kwenye kipimo cha desisimensi kwa mita, na kila moja inayoongezeka huondoa asilimia 12. Pima Januari au Februari udongo ukiwa mkavu, maana namba ya wakati wa masika hudanganya. Na kama umekoroga kijiko kimoja cha udongo katika vitano vya maji, usisome namba ya kifaa kama ilivyo: kwenye mchanga izidishe kwa 14 hivi, kwenye mfinyanzi kwa 7. Wengi huona 0.5 kwenye kioo, wakapanda, kumbe shamba lina 3.5 au 7.